Jukwaa limefunga mchango wetu wa majeruhi wa maandamano, hiyo ni haki kweli?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Kondele, Kisumu. Anasema: "Wakili, habari. Vijana wawili wa mtaa wetu walipigwa risasi siku ya maandamano, mmoja mguu mwingine bega, na mpaka sasa wako hospitali ya Russia (Jaramogi) hapa Kisumu na bili inapanda kila siku. Binamu yangu aliye Marekani alitufungulia mchango kwa jukwaa la huko la kuchangisha pesa mtandaoni kwa sababu ndugu zetu wa dayaspora wanatumia kadi. Siku ya tatu ukafungwa. Imeili ilisema tu tumevunja masharti na pesa imeshikwa, hakuna kingine. Na wanasiasa wanachangisha kila wikendi hakuna mtu anawagusa. Hizi kampuni zinatendea haki harakati za wananchi kweli, ama ziko upande wa serikali? Na sisi tufanye nini?"

Dadangu, pole sana, na uwapelekee hao vijana pole zangu. Swali la kwanza nitalijibu kwa urefu kwa sababu hata huku Nakuru naulizwa hilo kila baada ya maandamano, lakini kuna kitu hakingoji. Mwambie binamu yako leo asifute huo ukurasa, asibonyeze chochote cha kurudishia watu pesa, na apige skrinishoti kila kitu: ukurasa wenyewe, orodha ya waliochanga, ile imeili na saa iliyoingia. Ukurasa ukishafutwa hata mimi sina pa kushika.

Sasa tuje kwa swali. Haki hakuna, hapo tuko pamoja. Lakini ukisema ziko upande wa serikali utaandika barua ya matusi ya kisiasa na hakuna mtu atakayeijibu, kwa hivyo ni vizuri uelewe vile hizi kampuni zinafikiria.

Pesa ya mtu ikitoka kwa kadi yake kule Minnesota mpaka imfikie binamu yako inapita mikono mingi, kuna jukwaa lenyewe, kuna kampuni inayoshughulikia malipo, kuna Visa ama Mastercard, halafu kuna benki. Kila mmoja hapo ana mkataba wake na ana orodha ya vitu hataki kuonekana karibu navyo, na yeyote kati yao akishtuka wengine wote wanasimama. Jukwaa linabaki na senti kidogo kwa kila mchango. Kwa hivyo wakipiga hesabu, mchango wenu ukiwaletea shida ya sheria watapoteza mengi, lakini wakiufunga watapoteza watu wachache wenye hasira Kondele ambao hawajui hata waandikie nani. Hakuna mtu ameketi pale akauliza kama huyo kijana anahitaji chuma kwa mguu ama hahitaji. Wanaogopa, na mtu mwoga hata kama hana ubaya na wewe atakufungia mlango.

Na hii hofu haijaanza jana. Mwisho wa 2010, WikiLeaks, tovuti ya kufichua siri za serikali, walipoanza kuchapisha nyaraka za siri za mabalozi wa Marekani, PayPal, Visa na Mastercard walikata michango yao ndani ya siku chache tu. Hakukuwa na korti yoyote iliyokuwa imewapata WikiLeaks na hatia. Wanasiasa wa Marekani walikuwa wameongea kwa sauti kubwa na hiyo ilitosha. Ikabidi kampuni iliyokuwa ikiwapokelea michango iende mahakamani kule Iceland, na ni mwaka 2013 ndipo Mahakama ya Juu ya huko ilipoamua kwamba kampuni ya kadi haikuwa na haki kuvunja mkataba vile. Karibu miaka miwili na nusu! Wewe ukingoja hivyo bili ya Russia itakuwa imefika wapi?

Kwa hivyo serikali haihitaji kumiliki jukwaa. Inahitaji tu kusema neno moja, vurugu, ama ugaidi, ama uhalifu, na hofu ya kampuni itamaliza kazi iliyobaki. Nikupe mfano ambao watu wengi wa upande wetu hawapendi kuusikia kwa sababu waliofungiwa si watu wetu.

Januari na Februari 2022 madereva wa malori Canada waliziba jiji la Ottawa wakipinga masharti ya chanjo ya Korona. Walichangisha kwa GoFundMe, jukwaa kubwa la Marekani, zaidi ya dola milioni 10 za Canada, wakapewa milioni 1 ya kwanza, halafu GoFundMe ikasimamisha, na tarehe 4 Februari ikafunga kabisa ikisema imepata taarifa za polisi kwamba maandamano yaliyoanza kwa amani yamegeuka kuwa uvamizi wenye vurugu. Mimi sikukubaliana na walichokuwa wanadai, na watu wa Ottawa waliteseka kweli, honi usiku kucha, biashara zimefungwa. Lakini angalia vile ilifanywa. Ushahidi ulitoka kwa polisi ukaenda kwa kampuni, wenye mchango wakaambiwa matokeo. Halafu wakatangaza kwamba anayetaka pesa yake aombe kwa fomu kabla ya tarehe fulani, na inayobaki itapelekwa kwa mashirika mengine ya hisani. Yaani mtu amechanga kwa jambo moja, unaamua wewe itaenda kwa jambo lingine! Huo si ulinzi wa mchangaji hata kidogo. Watu walipiga kelele, gavana wa Florida akaanza kutaja uchunguzi, na kesho yake tu GoFundMe ikageuka ikasema kila mtu atarudishiwa pesa bila kuomba. Kama ingekuwa ni kanuni ingebadilika ndani ya siku moja? Ilibadilika kwa sababu aliyepiga kelele alikuwa mkubwa.

Madereva wakahamia GiveSendGo, jukwaa la Kikristo la Marekani. Tarehe 10 Februari korti ya Ontario ikafrizi hizo pesa, na hapo angalau kulikuwa na hakimu, ingawa upande mmoja tu ndio ulisikizwa kwanza. Siku chache baadaye wadukuzi wakaingia kwa hilo jukwaa wakamwaga majina ya wachangaji hadharani, watu kama elfu 92. Kuna mwenye duka la aiskrimu Ottawa alikuwa amechanga dola 250 tu, akatishiwa mpaka akafunga duka. Tarehe 14 Februari serikali ikatangaza sheria ya dharura, mara ya kwanza tangu hiyo sheria itungwe 1988, na benki zikaambiwa zinaweza kufrizi akaunti bila amri ya korti. Akaunti kama 280 zikafungwa. Tume iliyochunguza ikasema serikali ilikuwa na sababu, lakini Januari 2024 Jaji Richard Mosley wa Mahakama ya Shirikisho akaamua kwamba kutangazwa kwa hiyo dharura hakukuwa na msingi wa kutosha na kwamba haki za katiba zilikiukwa. Uamuzi ulikuja karibu miaka miwili baada ya malori kuondoka.

Na kuna kitu kimoja kutoka hapo nataka ukikumbuke. Wakati ule serikali na vyombo vya habari walikuwa wanasema sana ati ni pesa za wageni. Mwezi Machi rais wa GoFundMe, Juan Benitez, alienda mbele ya kamati ya bunge la Canada akasema asilimia 88 ya pesa iliyochangwa kwao ilitoka Canada yenyewe. Sasa rudi nyumbani. Tarehe 15 Julai 2024, hapa kwetu kaunti ya Nakuru, Keringet, Rais Ruto alisimama akaishutumu Ford Foundation, shirika la hisani la Marekani, kwamba inafadhili fujo, na siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ikawaandikia barua ikitaka orodha ya waliopewa pesa. Ford wakakana. Watu waliokuwa barabarani Kenyatta Avenue hapa Nakuru siku ya tarehe 25 Juni wengi wao walikuwa wamekuja kwa miguu kutoka Kaptembwa na Bondeni, maji ya kunywa walichangiwa na wenye maduka. Lakini ukishatamka "pesa za wageni" kila afisa wa benki anayekagua miamala ameshasikia, na ukurasa wa binamu wa Marekani anayetuma pesa Kisumu kwa watu wa maandamano unaanza kunuka kabla hajausoma.

Nigeria ndio mfano unaoniuma zaidi kwa sababu ni sisi sisi. Oktoba 2020, vijana wa EndSARS walipinga kikosi cha polisi kilichokuwa kinaua na kunyang'anya watu. Kikundi cha akina dada, Feminist Coalition, kilichangisha pesa ya mawakili, ambulensi, chakula na bili za hospitali. Njia yao ya malipo ya mtandaoni ikakatwa, akaunti ya benki ikazuiwa, ikabidi wahamie Bitcoin. Walikusanya zaidi ya naira milioni 140 na walikuwa wakitoa hesabu hadharani. Halafu Benki Kuu ya Nigeria ikaenda kortini Abuja ikapata amri ya kufrizi akaunti 20 za watu na mashirika yaliyohusika, ikidai ni uchunguzi wa ufadhili wa ugaidi. Chakula na ambulensi! Amri ikaondolewa Februari 2021, wakati barabara zilikuwa zimenyamaza kitambo.

Ukiziangalia hizo zote utaona kitu kile kile kinajirudia: kufunga ni dakika moja, kufungua ni miezi ama miaka. Harakati za watu zinaishi kwa siku. Mtu amepigwa risasi Jumanne, upasuaji ni Jumatano, mazishi ni wiki ijayo. Pesa ikifunguliwa baada ya miezi mitatu kila mtu atasema haki ilitendeka kwa sababu hakuna shilingi iliyopotea, lakini aliyehitaji mguu wake utibiwe mapema ameshapata kilema. Kwa hivyo mtu akiniuliza kama majukwaa yana haki siulizi walifunga upande gani, nauliza wenye mchango waliambiwa sababu? Walipewa nafasi ya kujibu kabla? Kuna mtu wa kukata rufaa kwake, mtu mwenye jina? Na wewe kwa barua yako umenijibu yote matatu, hapana, hapana, hapana.

Kuna wale husema kwa vile watu wa kulia wanalia na wa kushoto wanalia basi majukwaa yako katikati. Mimi siwezi kukubali hiyo. Wahafidhina wa Marekani wanauliza kwa nini malori yalifungiwa na watu walioshikilia mtaa mzima Seattle Juni 2020 waliendelea kuchangiwa. Mchango wa kesi ya Kyle Rittenhouse, kijana aliyepiga watu risasi kwa maandamano kule Wisconsin, uliondolewa GoFundMe 2020 kwa sababu sheria yao inakataza kuchangia utetezi wa mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la vurugu, na wa Luigi Mangione, aliyeshtakiwa kumuua mkuu wa kampuni ya bima, ukaondolewa 2024 kwa sheria hiyo hiyo, wote wakakimbilia GiveSendGo. Upande mwingine, watu wanaochangia familia za Gaza wamelalamika miaka hii yote kwamba pesa zao zinacheleweshwa na kuulizwa maswali yasiyoisha. Ukiona kila upande unaumia na hakuna hata mmoja anayeweza kukwambia mapema mstari uko wapi, ujue sheria yenyewe imeandikwa pana makusudi ili kampuni ijiamulie. Hiyo huwezi kuiita usawa.

Na ile kanuni yenyewe, "haturuhusu michango inayochochea vurugu", ukiisoma haraka ni nzuri, nani anataka vurugu? Shida ni nani anaamua nini ni vurugu. Kwetu anayetoa hiyo taarifa ni polisi, na mara nyingi ndio hao hao waliofyatua. Tume ya Haki za Binadamu KNCHR ilihesabu angalau watu 60 waliokufa kwa maandamano ya 2024. Mtu anapigwa risasi, taarifa ya polisi inasema alikuwa mhuni mwenye fujo, na kampuni iliyo mbali inaamini hiyo karatasi kwa sababu ina muhuri wa serikali. Kisha majeruhi anaadhibiwa mara ya pili kwa kunyimwa hata mchango. Hii ndio sababu naona kwamba jukwaa likipokea taarifa ya polisi kuhusu maandamano ambayo polisi wenyewe wanalaumiwa kuua, haifai kuichukua kama ukweli uliokamilika, inafaa iwe dai la upande mmoja tu, na upande mwingine uulizwe.

Lakini lazima niwe mkweli kwako, kuna siku kushika pesa ni sawa kabisa. Mwaka 2020, polisi wa Marekani walipomuua George Floyd, watu walimwaga pesa kwa shirika moja la California lililoitwa Black Lives Matter Foundation, na kumbe halikuwa na uhusiano wowote na lile vuguvugu lenyewe la Black Lives Matter, la kupinga polisi kuua watu weusi. GoFundMe ikazuia, na walifanya vizuri. Kabla ya hapo, Desemba 2018, kulikuwa na mchango wa kujenga ukuta mpakani wa Mexico, uliokusanya zaidi ya dola milioni 20, na mwenye kuuanzisha, Brian Kolfage, alikuwa ameahidi watu hatachukua hata senti. Alifungwa 2023 kwa kula hiyo pesa. Nasi huku tunajua mambo haya, picha ya mgonjwa inaibwa Facebook, namba ya simu inabadilishwa, na watu wema wanatuma. Kwa hivyo usidai kampuni isikague. Dai ikague haraka na ikwambie inatafuta nini.

Kuhusu wanasiasa, dada, wao hawapitii majukwaa ndio maana hakuna wa kuwafungia. Pesa yao ni ya mkononi, inatoka kwa bahasha mbele ya madhabahu. Julai 2024 Rais alitangaza maafisa wa serikali wasishiriki harambee tena, halafu Machi 2025 yeye mwenyewe akaahidi kanisa la Jesus Winner kule Roysambu milioni 20. Kuna pia Mswada wa Public Fundraising Appeals (michango ya umma) wa 2024 uliopelekwa Seneti na Seneta Aaron Cheruiyot, ambao ungetaka wachangishaji wawe na leseni. Inasemwa ni wa kupambana na ufisadi, lakini mimi naona leseni ya kuchangisha mikononi mwa ofisi ya serikali itamkaba kwanza mtu kama wewe, si mwenye bahasha. Mkiitwa kutoa maoni ya umma kwa mambo kama haya nendeni.

Sasa nije kwa ukurasa wenu, kwa sababu ulinitumia picha yake. Kichwa kinasema "Tusimame na makomredi, mapambano yaendelee". Picha ni tairi linawaka karibu na raundi ya Kondele. Hapo chini mmeandika pesa ni ya "vijana wetu", hakuna hospitali, hakuna aina ya jeraha, hakuna nani atapokea na vipi itatoka kwa binamu mpaka Kisumu. Mtu anayekagua hajui Kondele ni wapi. Anaona moto, anaona neno mapambano, anaona pesa inatoka Marekani inaenda nchi ambayo Februari 2024 iliwekwa kwa orodha ya FATF, shirika la kimataifa la kupambana na pesa haramu, ya nchi zinazofuatiliwa zaidi, na mwenye akaunti si mgonjwa. Naweza kukwambia bila kuona barua yao ya ndani kwamba hapo ndipo alipokwama.

Inaniuma kukwambia ubadilishe hayo maneno. Hao vijana walikuwa kwa maandamano, Kifungu cha 37 cha Katiba kinawaruhusu kuandamana kwa amani bila silaha, na hakuna aibu ya kuficha. Sikwambii uongope. Andika ukweli ulivyo ila uanze na mgonjwa: "Bili ya hospitali ya vijana wawili waliopigwa risasi Kisumu wakati wa maandamano". Weka tarehe, weka hospitali, weka bili ya muda yenye muhuri lakini ufiche namba ya kitambulisho na namba ya mgonjwa. Toa tairi, weka picha ya bandeji kama mwenyewe amekubali. Eleza kwa sentensi mbili binamu ni nani kwenu na pesa itaendaje. Hata pesa ya mawakili, ya usafiri wa kwenda kortini, ya kuchapisha mabango, kila moja ifunguliwe mchango wake, msichanganye na ya matibabu, kwa sababu moja ikikwama inavuta zote.

Binamu yako ajibu ile imeili ndani ya wiki hii. Asiandike kwa hasira. Aulize ni sharti gani hasa limevunjwa na kwa maneno gani ya ukurasa, aambatanishe bili, barua ya daktari, na barua ya wazazi wa vijana kwamba wanamtambua, na apendekeze pesa ilipwe moja kwa moja kwa hospitali. Wakikataa, hapo aombe pesa irudishwe kwa kila aliyechanga na wapewe taarifa, isiende popote pengine. Na mjue GoFundMe kwa mfano hairuhusu mtu wa Kenya kufungua mchango na kutoa pesa akiwa huku, kwa hivyo kila mara mkitumia njia hiyo mwenye pesa kisheria ni yule aliye ng'ambo. Kama hamwamini kama ndugu yenu wa damu msimpe hiyo kazi, na kama mnamwamini mjue pia mmemweka yeye kwa hatari.

Kwa michango ya humu nchini tumieni jukwaa la huku ama paybill. Mlishaona Juni na Julai 2024 mwanaharakati Hanifa Adan alivyochangisha kupitia M-Changa kwa majeruhi na familia za waliouawa, ikafika karibu shilingi milioni 30, na akatoa hesabu hadharani ya vile ilitumika. Ile ilisimama kwa sababu lengo lilitajwa waziwazi na hesabu ilionekana, na pia kwa sababu nchi nzima ilikuwa inaitazama, hakuna kampuni ingethubutu kuicheza. Mchango wa watu wawili Kondele hauna macho hayo, na hapo ndipo naona dhuluma kubwa iko, maana haki ya kampuni haifai kutegemea una wafuasi wangapi. Ndio maana nyinyi lazima mjitengenezee macho. Wekeni waweka hazina wawili ama watatu ambao lazima wote wakubali kabla pesa itoke, mmoja awe mama wa mtaa ama mchungaji anayejulikana, tumeni hesabu kwa grupu kila Jumapili jioni hata kama ni shilingi mia nane. Msiweke kwa laini ya mtu binafsi. Laini ya M-Pesa haiwezi kubeba zaidi ya nusu milioni kwa wakati mmoja, na siku huyo mtu akikamatwa simu yake inaenda na polisi pamoja na majina ya kila aliyetuma. Sijasahau wale wa Ottawa. Kwa posti zenu msichapishe majina kamili ya wachangaji, jina moja na kiasi inatosha.

Mkitaka kuwa na akaunti ya benki ya kudumu sajilini kikundi chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya 2022, ni ofisi ya social development ya kaunti ndogo yenu, fomu, katiba ya kikundi na orodha ya wanachama kumi hivi. Lengo liwe msaada wa majeruhi na familia. Cheti hicho hakitazuia mtu kuwafrizi lakini kinabadilisha mazungumzo, mnakuwa kikundi chenye jina na anwani mbele ya benki.

Na jukwaa la Kenya likiwafungia siku moja bila maelezo, kuna njia. Kifungu cha 47 cha Katiba na sheria ya Fair Administrative Action ya 2015 vinawapa haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na hiyo sheria haiibani serikali peke yake, inagusa hata kampuni ambayo uamuzi wake unaathiri haki za mtu. Andikeni mkiitaja kwa jina. Wakinyamaza na pesa iko chini ya milioni moja, nendeni Small Claims Court, madai ya pesa iliyoshikwa kwa niaba yako yanaingia pale, huhitaji wakili, na kesi inafaa iishe ndani ya siku 60. Bado ni ndefu kwa mgonjwa, najua, lakini kampuni ikipata samansi huwa inapata pia mtu wa kupokea simu.

Kwa hao vijana wawili msingoje Marekani. Nendeni ofisi ya social work pale Russia kesho asubuhi mkiwa na mzazi, ombeni bili ya muda na muulize kama wanaweza kuingia mpango wa kulipa kidogo kidogo, halafu mfungue mchango mpya wa huku wenye paybill ya hospitali na namba ya akaunti ya mgonjwa, anayetuma atume moja kwa moja huko. Mwombeni pia daktari aandike vizuri kwamba ni jeraha la risasi, na nakala ipelekwe IPOA, ile mamlaka inayochunguza makosa ya polisi, kwa sababu hiyo karatasi moja itawasaidia kwa jukwaa, kwa fidia, na kwa kesi. Ukipata jibu lolote la ile imeili nitumie kabla hamjajibu.